Picha Niliyoichoma Moto

Bujumbura, Jumamosi, Julai 2005

Leo vumbi limelishinda jua. Ni kiangazi, ziwa limefunikwa na ukungu mkavu, na milima ya Kongo ng'ambo haionekani kabisa. Nimetoka studio koti likinuka joto la taa, nikaja moja kwa moja hapa mjini kwenye chumba cha kompyuta. Nyumbani nikishika kalamu tu wataniuliza naandika nini. Kibodi ni ya Kifaransa, A imekaa mahali pa Q, nami naandika kwa kidole kimoja. Mnivumilie. Kiswahili hiki nilikipata Kigoma nilikojifunzia kazi. Kile cha kwetu Buyenzi mngekicheka.

Sijui nani atasoma hapa mtandaoni. Ndiyo maana naweza kusema.

Naitwa Swedi, mpiga picha, umri unakaribia sitini. Kwa miezi miwili nimemdanganya binti aliyeniomba kitu kimoja tu, na leo nilikuwa nimejiandaa kumdanganya mara ya mwisho, kwa ustadi wangu wote.

Anaitwa Goreti. Ana miaka ishirini, anakaa Ngagara, katiye ya tano, yaani mtaa wa tano. Siku ya kwanza alipokuja hakuingia. Alisimama nje akitazama dirisha langu la mbele, lile la kuwekea picha nzuri ili wapita njia wavutike. Dirisha hilo ni tupu tangu mwaka wa tisini na nne, lina karatasi ya saa za kazi na nzi wawili waliokauka. Akasema hapo palikuwa na foto ya mama yake, alikuwa akionyeshwa kila wakipita kwenda sokoni.

Nilimjua mama yake kabla hajataja jina.

Mama huyo, Mwalimu Leokadia, alikuja kwangu kabla ya vita na ukurasa aliouchana kwenye gazeti la sinema, picha ya nyota mmoja wa zamani wa ng'ambo, mabega wazi, macho yakitazama juu kana kwamba anaitwa. Akasema anataka hivyo hivyo. Wengi waliniletea kurasa kama hizo miaka ile, nami sikuwafukuza, kwa sababu nilikuwa na siri ya kazi: ukitazama ndani ya jicho la nyota kwenye picha utaona nukta nyeupe. Hizo ndizo taa. Zihesabu, angalia zimekaa wapi, kisha tazama kivuli cha pua kinaangukia wapi, na utakuwa umeingia studio ya watu bila kupiga hodi. Yule wa gazetini alikuwa na nukta moja juu na nyingine hafifu chini. Nikapandisha taa kubwa juu ya uso wa Leokadia, nikamwekea karatasi nyeupe magotini ili irudishe mwanga kidevuni, taa ndogo nyuma ya nywele, na kitambaa cheusi cha satini mabegani kufunika gauni la ualimu. Kivuli kidogo kikatulia chini ya pua kama kipepeo.

Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Sijidai, ni kweli tu. Mwaka huu wa kura kuta zote za mji zimejaa nyuso za wagombea, na hakuna hata mmoja aliyewekewa taa kwa adabu. Wote wanaonekana kama watu walioamshwa ghafla. Nikizipita huwa namkumbuka Leokadia.

Goreti alinieleza mengine akiwa amesimama. Vita vilipowafikia walikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka Kongo, na sufuria moja na godoro. Nyumba ya Ngagara ikaporwa, na foto zote zikaenda na kabati. Mwaka wa pili mama akafa kwa homa kambini. Goreti alikuwa na miaka kumi. Sasa ameolewa, ana mtoto wa kike wa miezi mitano, na kila siku mama mkwe wake anamgeuza mtoto huku na huku na kusema hafanani na mtu yeyote wa kwao. Anasema kwa utani. Lakini utani wa kila siku hauwi utani tena.

Alitaka picha ya mama aiweke kando ya uso wa mtoto, aone.

"Mi nakumbuka mikono yake, Papa Swedi," aliniambia. "Na sauti nakumbuka. Sura imetoka."

Nikamwambia negatifu haikosi kuwepo, anipe muda niitafute kwenye masanduku.

Hakuna masanduku.

Sasa niseme lile ambalo hata mke wangu halijui lote. Zamani kila negatifu niliitia kwenye bahasha ya kaki, na juu yake niliandika kwa wino, kwa mwandiko niliofundishwa chuoni: jina, katiye, barabara, namba ya nyumba. Wenzangu walikuwa wakitupa filamu kwenye makopo. Mimi mteja akirudi baada ya miaka mitano namtolea picha yake kabla hajaketi. Nilikuwa na sanduku la Bwiza, sanduku la Nyakabiga, sanduku la Ngagara. Nilijivunia masanduku yale kuliko kamera.

Kisha zikaja siku zile za mji kufa, maduka yamefungwa na vijana wameziba njia kwa mawe. Siku moja wakaingia vijana watatu. Wawili niliwapiga picha mimi mwenyewe walipopata komunyo. Hawakupiga kelele. Waliomba tu kuziona bahasha za Ngagara, wazitazame sura. Karangamuntu zetu, yaani vitambulisho, haziandiki kabila, kwa hiyo watu walisomana pua, na mwenye sanduku la pua zenye majina na namba za nyumba alikuwa mimi.

Nikawaambia ufunguo uko nyumbani. Wakasema watarudi kesho. Wakati wa kutoka mmoja akasimama dirishani mbele ya Leokadia.

"Na uyu?"

Nikajibu ni nyota wa sinema, wa ng'ambo, nimenakili kutoka kwenye kadi. Akamtazama sana. Akaamini.

Alasiri ile nilizichoma bahasha zote kwenye pipa la nyuma ya nyumba. Filamu haiungui kama karatasi, inajikunja, inatoa moshi mzito unaoshika kooni. Watu wakiniuliza zilikwenda wapi huwa nasema nilizichoma niwaokoe wenyewe. Labda ni kweli. Lakini majina yalikuwa kwenye bahasha, si kwenye filamu. Ningeweza kuchana karatasi na kuficha filamu kwenye gunia la mchele. Haikunijia akilini mpaka moto umekwisha.

Na hilo bado si lenyewe.

Picha ya dirishani haikuwa na jina popote. Haikumtaja mtu, haikuonyesha nyumba. Niliitoa kwenye fremu nikaichoma mwisho, kwa sababu niliogopa vijana wale watamuuliza mtu mwingine, wajue ni mwalimu wa Ngagara, warudi wanikute mwongo. Zile nyingine nilizichoma kwa ajili ya wateja wangu. Ile niliichoma kwa ajili ya ngozi yangu.

Hawakurudi. Si kesho yake, si wiki ile, si kamwe.

Kwa hiyo Goreti alipokuja mara ya tatu nikapata wazo, na naandika kwa aibu. Nilimwambia wakati natafuta negatifu, aje Jumamosi nimpige picha kwa mtindo ule wa mama yake, zawadi yangu kwa mtoto. Nia yangu ilikuwa nyingine. Ningempiga kwa filamu nyeusi na nyeupe, taa zile zile, satini ile ile ambayo bado ninayo. Kisha ningekaa na penseli ya kurekebishia negatifu, nipanue paji, nirefushe shingo, nipandishe unyusi, nichapishe, niichovye kwenye chai ipate rangi ya miaka, na nimkabidhi: mama yako huyu hapa, nimempata. Penseli yangu inaweza. Nimewaondolea watu ndui na miaka kumi kwa penseli ile.

Leo akaja baada ya chakula cha mchana. Umeme ulikuwepo, jambo ambalo nililiona kama ruhusa. Nikampandishia taa, nikamwekea karatasi magotini, nikamwambia ainue kidevu. Kivuli kikakaa mahali pake. Nikainama kwenye kamera, na macho yangu yakajaa maji, kwa sababu alikuwa amekaa pale kwa imani yote ya mtu asiyejua anaibiwa.

Angekwenda kuweka uso wa penseli yangu kando ya mwanawe. Na kila siku angetafuta mahali wanapofanana.

Nikazima taa kubwa. Nikamwambia yote, hata la ngozi yangu.

Hakulia. Alivua satini akaikunja mara nne, taratibu, akaiweka kwenye kiti, akanigeuzia mgongo. Nje fundi wa baiskeli alikuwa akigonga ringi.

"Miezi mbili unanizungusha, Papa Swedi," akasema mwisho. "Miezi mbili! Mi nilianza kumwambia mutoto nyanya yake anakuja."

Nikasema nisamehe, mwanangu. Neno lenyewe lilitoka dogo.

Halafu akageuka, na alichosema sikukitegemea. Akasema mimi ndiye mtu pekee aliyebaki Bujumbura aliyemtazama mama yake kwa saa nzima bila kufanya kazi nyingine.

"Basi uniambie. Alikuwa aje?"

Mimi si mtu wa maneno. Nikawasha taa tena, nikamvuta mbele ya kioo kikubwa wanachojitazamia wateja, nikaanza kumwonyesha juu ya uso wake mwenyewe. Hapa kwenye paji mwanga ulikwenda mpaka kwenye nywele, yeye alikuwa na paji pana kuliko lako. Hapa shavuni ni wewe kabisa. Mdomo wa chini ulikuwa mnene, nilimwambia aulowanishe akacheka. Shingo aliipinda kidogo kushoto. Goreti akawa anatazama, akitikisa kichwa. Alisema anajiona yeye tu, hamwoni mtu mwingine.

Nikamwambia liko jambo moja lililonisumbua siku ile. Kila nikitaka kubonyeza, unyusi wake wa kushoto ulipanda peke yake, kabla ya tabasamu, kama mtu anayetaka kuuliza swali. Nilimwomba autulize, akashindwa. Mwisho nikapiga hivyo hivyo, na ndicho kilichoifanya picha. Nikamwambia Goreti ajaribu.

Alijaribu. Nyusi zake zikapanda zote mbili, zikashuka zote mbili. Akajaribu tena, akashika ule wa kulia kwa kidole. Wa kushoto haukukubali kupanda peke yake.

"Apana, mi siwezi," akasema. Kisha mkono ukabaki pale pale usoni. "Lakini mutoto anafanyaka ivyo."

Nikauliza vipi.

"Uyu wa kushoto. Kila akitaka kucheka anafanyaka ivyo. Mama mukwe anasema ni wadudu ya tumbo."

Hapo ndipo alipolia. Nami nililia, mzee mzima, nimeshika kamba ya taa. Ulikuwa ukweli usiotoka kwenye penseli yangu.

Hakusema amenisamehe, wala sikuuliza. Aliosha uso, akavaa tena satini, akaniamuru nimpige sasa, yeye kama yeye. Nikampiga mara mbili. Nilipotoa filamu nikachukua bahasha na kuandika namba, kama nilivyofanya miaka kumi na moja yote tangu moto ule: namba tupu, bila jina la mtu. Akauliza hiyo ni nini. Nikamweleza kwamba bado tunasikia milio ya risasi milimani, kwamba saini za amani zimetiwa mara nyingi na hatujalala vizuri, na kwamba mimi siandiki majina tena.

Akachukua bahasha nyingine mezani akaiweka mbele yangu. Akanitajia, nami nikaandika: Goreti, binti wa Mwalimu Leokadia, Ngagara, katiye ya tano. Nilipofika kwenye namba ya nyumba mkono ukasimama. Akaitaja. Sikuandika. Akaitaja tena, polepole, kama anayemsomea imla mwanafunzi mzito, na akangoja mpaka wino ukauke.

Mwandiko si ule wa zamani. Unasomeka.

Mwenye chumba hiki ananiangalia, anataka kufunga. Kesho ni Jumapili. Baada ya misa Goreti atamleta mtoto. Nimelifuta dirisha, nimewatoa wale nzi. Kwa mtoto nitatumia taa moja tu, ya mbali, isimuumize macho, nami nitakaa nyuma ya kamera hata kama ni mpaka magharibi, ningoje unyusi wa kushoto upande.