Dorotea Chenge, Aliyewasomea Waanika Dagaa

Mwaka umetimia, mama, tangu ulipotutoka, na kiti chako cha barazani hapa Mabatini bado hakuna anayethubutu kukikalia isipokuwa yule paka wako.

Ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mwandishi wa riwaya nne. Chai yako ilipoa kila siku kwa sababu ya watu ambao hata duniani hawakuwepo. Baba alikutania, "Mke wangu leo ana wageni wake," nawe ukacheka bila kuinua kichwa. Wageni wa kweli walipobisha hodi, uliweka kalamu chini ukawapikia.

Wasomaji wako wengi hawajui kwamba kila sura uliipeleka kwanza Nansio, kwenu kisiwani. Ulipanda meli na karatasi zako, ukaketi mchangani na kina mama wanaoanika dagaa, ukawasomea. Mmoja akinyanyuka kwenda kugeuza dagaa wake, basi, ukurasa ule uliuchana. "Wangenogewa wasingenyanyuka," ulisema. Tulikuona una kichwa kigumu, na kweli ulikuwa nacho.

Uliondoka sura ya mwisho ya riwaya ya tano haijasomwa kule. Mchapishaji aliitaka, sisi tukaogopa. Tungetoaje kitabu ambacho hukukipitisha? Mwezi uliopita tukavuka nayo, na binti yako Gladness akawasomea.

Alipofika katikati, mawingu yakatanda na mvua ikaanza. Shangazi yako, Bibi Modesta, uliyemwogopa kuliko wahariri wote, akanyanyuka. Tukasema moyoni, imekwisha. Lakini hakwenda kwenye dagaa. Alisogea mbele, akaketi miguuni pa Gladness.

"Pandisha sauti, mjukuu wangu. Mvua inatunyima kusikia."

Gladness alisoma mpaka neno la mwisho, karatasi zikimlowa mkononi. Tulilia, halafu tukacheka tulipomsikia Bibi akinung'unika, "Huyu Dorotea hata amekufa bado anatuharibia kazi."

Kitabu kinatoka Desemba.

Unakumbukwa na mumeo Jonathan Masalu, wanao Gladness na Revocatus, mkamwana wako Amondi, wajukuu zako, Bibi Modesta na kina mama wote wa Nansio.

Tutakukumbuka siku zetu zote. Pumzika kwa amani, mama. Dagaa walilowa wote, hakuna aliyekwenda kuwaanua.