Ule Waya Nilionunua Lodwar

Kakuma, Jumapili baada ya ibada

Mke wangu mpendwa, Mama Naomi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Goti lako linaendeleaje? Bado linakuuma ukipandisha maji kutoka kisimani? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, uchovu ule ambao unalala nao na kuamka nao. Jenereta za ofisi hazijui Sabato, nami nazifuata.

Najua una uchungu na mimi. Ulinipigia kunieleza kuwa dada yako ameanguka na kuvunjika nyonga, mimi nikajibu, "Bwana asifiwe!" Ukakata simu, na hujapiga tena. Habari yenyewe niliipata baadaye kwa ujumbe wa Naomi, na aibu ikanijaa. Nitakueleza, lakini niache nianzie kwenye redio, maana ndiko nilikoujua ukweli.

Unaikumbuka redio ya marehemu baba, ile ya amplifaya na spika mbili za mbao, niliyokuja nayo huku. Kila nikitoka kazini naweka kaseti ya kwaya yenu, ule wimbo unaoongoza wewe. Mwaka huu sauti yako ilianza kufifia, kama unaimba ukiwa ndani ya blanketi. Nikasafisha redio kwa spiriti. Wapi. Nilipotumwa Lodwar kuchukua filta za jenereta, mwenye duka moja la vyombo vya muziki akaniambia shida ni waya.

"Hizi nyembamba zinakula sauti, mzee. Weka huu mnene kwenye spika, na wa umeme pia ubadilishe. Utasikia hadi mwimbaji akivuta pumzi."

Nikauchukua ule wa spika. Nilikuwa nimeomba sana ugonjwa uwe wa redio.

Nikiwa naufunga, jirani yangu Akiru, mama wa Kiturkana anayeuza samaki wakavu, akachungulia mlangoni, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, Baba Naomi! Leo unafunga redio ama unafunga ngamia?"

Nikawasha, nikajiambia naam, sauti imefunguka. Nikajisifu kwa rafiki yangu Dezire, Mkongomani wa kambini anayetengeneza redio na kufundisha kwaya. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Banakudanganya, ndugu yangu! Kutoka redio mpaka spika ni hatua mbili. Waya kama haikukatika, haina kutu, sauti inapita tu."

Nikabisha. Akasema basi tujaribu, lakini nisiangalie.

Jana mchana akaja. Akiru akaleta shuka yake, tukaitundika mbele ya redio, Dezire akaingia nyuma. Akaweka wimbo wako mara tatu, kila mara akihangaika kwanza na nyaya. Mara ya kwanza nikasema, "Huu ni mwembamba." Ya pili nikasimama kabisa: "Mnene huo! Si mnasikia wenyewe?" Ya tatu, "Mwembamba tena."

Dezire akatoa kichwa. "Ndugu, mara zote tatu ni ule wa zamani. Mnene nimeukalia hapa."

Akiru alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Lakini huyo mama anajua kuimba. Na hiyo kayamba anatikisa vizuri."

Nikauliza, "Kayamba gani?"

Wakatazamana. Dezire akarudisha kaseti nyuma, akaongeza sauti, akawa anapiga kidole hewani. "Hii. Hii. Hii."

Sikusikia kitu. Mke wangu, kayamba hiyo unaitikisa wewe mwenyewe tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu siku mliporekodi. Sijui ilinitoka lini masikioni.

Sasa umejua. Ile siku ya simu nilikuomba urudie mara tatu. Ya nne niliona haya, nikajibu neno ambalo siku nyingi huwa linafaa. Nisamehe. Miaka yote hii nimesimama kando ya jenereta bila kuziba masikio, nikawacheka waliokuwa wakiziba. Kesho nakwenda kliniki. Kilichopotea nimemwachia Mungu. Namwomba anilindie kilichobaki.

Waya mnene nimempa Akiru, anaanikia samaki.

Ningekutumia ujumbe, lakini ujumbe wa simu yako hukusomea Naomi, na haya nilitaka uyasome wewe, na miwani yako, pole pole. Nisalimie mama mkwe, na kaka yangu mkubwa anayetulimia shamba, na mwalimu wenu wa kwaya. Dada yako mwambie namtaja kila asubuhi kwa maombi.

Usinipigie. Niandikie, hata karatasi moja, umpe dereva wa basi la Kitale. Tafadhali nijibu mapema.

Mumeo,
Baba Naomi