Rangi ya Kucha kwenye Sakso ya Mama

Jumamosi. Mvua imeanza kabla ya chai, na sasa ni saa kumi, bado inapiga bati. Barabara yetu ya hapa Bigo, mtaa wa Bunia, imegeuka uji. Na miye nina hasira nzuri, ile hasira ambayo mtu hataki ipite upesi.

Leo tumekataa kutia sahihi kwenye karatasi. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujuta.

Juu ya kabati la sebuleni kwetu inakaa saksofoni ya umeme. Si ile ya shaba iliyojipinda. Hii ni bomba jeusi la plastiki, refu kama mkono wangu, lina vitufe, mdomo wa kupulizia na spika ndogo. Unatia betri, unapuliza, inalia. Mama aliipiga katika orkestra moja ya hapa mjini, enzi ambazo harusi yoyote kutoka Bunia hadi Mahagi haikwisha bila wimbo wao wa bibi harusi. Hata leo unapigwa, umehamia kwenye telefone tu. Wimbo unaanza na sakso peke yake, kisha inanyamaza kidogo, watu wote wanapiga makofi mawili, pa-pa, ndipo ngoma inaingia. Hiyo sakso ya mwanzo ni Mama.

Lakini kwenye jalada la kaseti, aliyeishika ni Shefu Anselme, kiongozi wa orkestra, marehemu sasa. Shefu alikuwa mwimbaji, na mwimbaji kweli. Sakso hakuijua. Siku ya kupigwa foto Mama alikuwa maternite kule Nyankunde, ananizaa miye. Mpiga foto hakuweza kungoja, Shefu akaikumbatia sakso, akatabasamu, basi.

Nakiri hapa, kwa sababu sijawahi kukiri kwingine: nimekua na wazo kwamba ni miye niliyemtoa Mama kwenye ile foto.

Alhamisi akaja Bwana Crispin. Yeye anakusanya vitu vya wanamuziki: kofia, mashati ya jukwaani, gita zilizokatika nyuzi. Ameviweka ndani ya makabati ya vioo huko Kinshasa, na watu wanakwenda kuvitazama. Sikuidharau kazi yake. Nilifurahi hata, maana nani mwingine alikuwa anatukumbuka? Alivaa glavu nyeupe kabla ya kuigusa sakso. Miye ambaye huifuta vumbi kwa kitenge kilichochanika nikaona haya. Akatoa jalada la kaseti na kioo cha kukuzia, akatafuta mkwaruzo. Upo mmoja chini ya mdomo, umepinda. Kwenye foto upo, kwenye bomba upo. Akasema ndiyo yenyewe, hakuna shaka.

Kisha akaona doa jekundu upande wa chini, juu ya skrubu ndogo. Akauliza kama linaweza kutoka kwa pamba.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Ile ni rangi yake ya kucha. Mama ana asma, yaani pumu, tangu utoto, na saksofoni ya shaba daktari alimkataza. Hii ya umeme ina skrubu ya kuchagua nguvu ya pumzi, naye aliifungua mpaka mwisho ili pumzi yake kidogo itoshe. Shida ni wenzake. Wakati wa mazoezi kila mmoja alitaka kujaribu, anaizungusha skrubu, halafu Mama anapanda jukwaani anapuliza hakitoki kitu. Siku moja akachoka nao. Akatoa kichupa cha rangi mkobani, akaifunga skrubu kwa tone moja. Hakuna aliyeigusa tena.

Bwana Crispin alisikiliza vizuri, kichwa kinakubali kila neno, halafu akatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Bila karatasi, alisema, kitu kama hiki ni bomba tu. Karatasi ilisema chombo kilipigwa jukwaani na Shefu Anselme. Chini palikuwa na nafasi yangu kama shahidi wa familia, na nafasi ya Mama.

Mama alikuwa ameandikwa: mtunzaji.

Mtunzaji! Eti aliwekewa mzigo na mtu aliyesafiri, akaufuta vumbi mpaka mwenyewe arudi.

Nikamwomba arekebishe. Hakukasirika, na upole wake ndio ulioniuma zaidi. Alimgeukia Mama akamwambia, "Mama, kule kwetu watu wanajua jina ya Shefu tu. Ya kwako hawaijuake." Kama tunataka, aliweza kuongeza "pamoja na kundi lake".

Sasa maneno ya aibu. Peni ilikuwa mkononi mwangu. Bati letu linavuja mahali patatu, na pesa alizotaka kuinunulia sakso zingetosha bati jipya. Na Mama mwenyewe, akiwa ametazama dari, alisema, "Weka sahihi, Neema. Jina itaziba bati?"

Kilichoniokoa si ushujaa. Sikutaka tu kutia sahihi huku Mama anatazama dari, ndipo nikasema nitafikiri mpaka Jumamosi.

Jana siku nzima nilimkasirikia Mama kuliko nilivyomkasirikia yule bwana. Mtu anatoaje jina lake rahisi hivyo? Halafu nikakumbuka harusi zote tulizokwenda pamoja. Wimbo unaanza, watu wanainuka, na Mama anapiga makofi mawili pamoja nao, kwenye kiti cha plastiki, sahani ya wali magotini. Hakuna anayegeuka kumtazama. Amekuwa akilitoa jina lake kidogo kidogo miaka yote hiyo, na miye nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, nakula.

Leo Bwana Crispin amerudi na matope mpaka magotini. Nilikuwa nimenunua betri. Nikamwambia, kwa kuwa karatasi yako inasema mwanamume mwenye kifua aliipiga hii sakso, jaribu weye. Hakukataa. Kumbe amewahi kupiga saksofoni kanisani kwao. Akavua glavu, akavuta pumzi ya haja, akapuliza.

Ikalia kama nguruwe. Akapuliza tena, ikawa mbaya zaidi. Akaigeuza, akaitazama skrubu, akalitazama lile doa jekundu kwa muda. Pumzi yake ilikuwa nyingi mno kwa skrubu ile.

Mama akanyoosha mkono.

Sikuwa nimemwomba. Nisingethubutu, hajaipuliza tangu mazishi ya Shefu. Alifuta mdomo wa sakso kwa ncha ya kitenge, akakaa wima, akapuliza kama mtu anayepoza chai. Mwanzo wa ule wimbo ukatoka, mzima. Mwisho wa mstari wa kwanza akaitoa sakso mdomoni, akavuta pumzi, nikasikia kifua kinapiga mluzi.

Na hapo, nyumba ya pili, jirani yetu ambaye hakutuona wala hakujua kinachoendelea, akapiga makofi mawili. Pa-pa.

Nililia. Kile kimya ambacho mji mzima unakipigia makofi, nilidhani ni pambo la wimbo. Kumbe ni asma ya Mama. Ni pale alipohitaji kupumua.

Bwana Crispin alisema ni vizuri sana, na naamini alimaanisha. Lakini akaisogeza karatasi ileile mezani, akaeleza tena kuhusu foto na jina ambalo watu wanalijua.

Mama hakunipa nafasi ya kujibu, akamwambia yeye mwenyewe: "Papa, uandike jina yangu, ao uende na karatasi yako."

Amekwenda na karatasi yake. Alituaga kwa heshima na miye nikamsindikiza hadi barabarani na mwavuli, maana si adui. Abaki na jalada la kaseti ndani ya kioo chake. Lile tabasamu kweli ni la Shefu. Pumzi si yake.

Bati bado linavuja, mabeseni matatu yako chini, nayasikia wakati naandika. Nimemuuliza Mama kama anajuta. Amejibu nimuulize siku tone litakapofika kitandani kwake. Nikapata moyo wa kumwambia na lile la foto, kwamba miye ndiye niliyemwondoa. Akanishangaa. Akasema siku ile ya Nyankunde ndiyo siku pekee maishani aliyopuliza kwa nguvu zake zote, na mtu angekuja na kamera angemfukuza.

Nimeandika karatasi yangu mwenyewe, nimeibandika kabatini chini ya sakso: Imepigwa na Espérance wa Bigo. Skrubu isiguswe. Shahidi ni miye, na hii nimeitia sahihi.

Saa hii Mama ameishusha tena, anaikagua dirishani. Anasema rangi imeanza kubanduka pembeni, itabidi kuongeza tone. Jumatatu nitakwenda sokoni kutafuta nyekundu ileile. Amesema, bila kunitazama, nichukue chupa kubwa, ibaki na ya kucha zake.