Kwetu Nahodha Hajatupwa

Mlango wa Bluu,
Nyuma ya Karakana ya Viatu.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa kaka yangu Mrefu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wale wanangu wawili, na kwamba kifua kimeacha kukusumbua. Dawa umezimaliza, au umeziacha njiani kama kawaida yako? Sisi hatujambo. Miguu yangu inavimba kidogo kwa kusimama dukani kutwa nikikata vitambaa. Baba anakula, analala, anagomba. Macho ndiyo yamekwisha kabisa, sasa hata mwanga wa dirisha hauoni.

Barua yako niliipata. Lile shauri lako la kumpeleka Baba kwenye nyumba ya kulelea wazee nitalijibu chini, kwanza nitoe hasira.

Hadithi yetu ya chombo cha anga unaiona inavyokwenda? Nakuandikia wewe kwa sababu jirani nikimweleza ataniona nimepungukiwa akili, mtu mzima kugombana na televisheni. Miaka sita tumewafuata watu wale sayari kwa sayari. Walipomfufua tabibu mara ya pili nilivumilia. Wakamwoza fundi wa injini, mtu na heshima zake, kwa malkia wa maadui waliomuulia ndugu zake, nikavumilia pia. Nilidhani waandishi wamechoka, watapumzika warudi na akili zao. Kumbe akili zenyewe ndizo zilizoisha!

Lakini hili la Nahodha limenichafua roho. Msimu uliopita walimpofusha, sawa, na ilikuwa sehemu tamu kuliko zote, alipoongoza chombo kwa kusikiliza injini tu. Ulinipigia simu ukilia, usikatae. Sasa wiki tatu zilizopita vijana aliowalea mwenyewe wamemtia kwenye kidude cha chuma wakamsukuma nje, eti haoni, ni mzigo, hewa haiwatoshi wote. Na muziki laini juu yake, kana kwamba wamefanya la busara. Huyo aliyekaa mezani akaandika uchafu ule, yeye hana baba?

Sasa nikuungamie jambo. Unajua kila Jumapili alasiri namsomea Baba maandishi ya chini, maana lugha yao haijui na maandishi hayaoni. Nilipofika kwenye neno "mzigo", ulimi ulikataa. Baba alikuwa ameshika kikombe cha chai, ananisubiri. Nikamwambia Nahodha amegoma kuingia kwenye kile kidude, amejifungia chumba cha injini na wote wanamtii. Tangu siku hiyo natunga. Wiki iliyofuata nilimpa hotuba nzima. Wiki iliyopita nikamfanya amtimue yule malkia, na nilifurahi kuliko Baba.

Kwa hiyo nakusihi, ukimpigia simu usiropoke. Kwetu Nahodha hajatupwa. Nakujua wewe, siri kwako haikai.

Jumatatu

Barua ilibaki mezani kwa kukosa stempu. Heri ilibaki, maana jana mambo yaligeuka.

Tulikaa kama kawaida. Nikaanza kutunga, "Nahodha anasema, washeni taa zote." Baba akaweka kikombe chini.

"Nani kasema?"

"Nahodha, Baba."

"Mwanangu, nimetengeneza redio miaka arobaini. Sauti ya yule mzee wiki ya nne hii sijaisikia. Huyo unayemsemea ni kijana, tena ana mafua."

Kaka, aibu niliyoiona siwezi kukusimulia. Mtu aliyekuwa akijua kasoro ya spika kwa kuigonga na ukucha, mimi nikadhani nitayadanganya masikio yake! Nikalia. Akauliza wamemfanya nini, nikamweleza ukweli wote, na lile neno pia nikalitaja.

Akapapasa ukingo wa meza. Nikainuka kuzima televisheni. Akanizuia.

"Acha. Wao wana yao, sisi tuendelee na yetu. Ila hizo taa za nini? Mwambie azime zote. Hao waliomtupa waje gizani wamwombe awaonyeshe njia."

Basi taa zikazimwa. Vijana wakaja mmoja mmoja kuomba msamaha, mimi nikiwasemea wao na Baba akimsemea Nahodha. Aliwasumbua wale! Wawili tu aliwasamehe, wengine wanangoja Jumapili. Sijamsikia akicheka vile tangu macho yaharibike.

Kwa hiyo yale niliyokuomba Jumamosi yafute. Ukipiga simu muulize chombo kimefika wapi, atakueleza mwenyewe. Nami bado nawachukia waandishi wale, na Jumapili nitakuwa mbele ya kioo cha televisheni saa kumi kamili.

Kuhusu nyumba ya wazee, najua hukuwa na nia mbaya, ulinionea huruma kwa ajili ya miguu yangu. Lakini jibu langu umeshalisoma, na Baba barua yako sikumsomea.

Nisalimie sana wifi, na wanangu waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama mdogo anakusalimu na kuuliza utakuja lini. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikasirika,

Mdomo