Mama, Pokea Simu ya Joze

Saint Paul, Minnesota
Jumapili, 18 Februari 2018

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, nikikuona pale mlangoni na kitenge chako cha asubuhi. Goti linaendeleaje? Je, dawa ya kuchua niliyotuma mwezi wa kumi na mbili ilifika, na unaitumia, au umemgawia jirani? Mimi ni mzima, isipokuwa midomo inapasuka kwa baridi. Dirisha nimelifunika kwa nailoni na gundi kama wafanyavyo majirani wote wa jengo hili, na tangu Novemba sijalifungua. Naona theluji, naona kituo cha basi, naona mtu anapita na mbwa aliyevalishwa koti. Siku za mapumziko hiyo ndiyo dunia yangu.

Barua hii nimempa Mama Shukuru wa kanisani kwetu, anayerudi Bujumbura kwa msiba wa kaka yake na atakuvushia mpaka Uvira. Tafadhali vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Aline akusomee, maana huyo mdogo wetu akiona jambo gumu huruka mistari.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Umesema: "Riziki, wewe ndiye mkubwa. Mwambie mdogo wako aache uhuni wa kuimba na wavuta bangi wa Uturuki. Ndio uliomfungia mlango wa Amerika. Mpaka aache, simu yake sipokei." Na kweli hupokei. Joze ameniambia anapiga kila Jumapili tangu Noeli, simu inaita mpaka inakata yenyewe. Hakulalamika. Alisema tu, "Labda Mama hana chaji, Yaya." Wiki nane bila chaji!

Kwa hiyo nimetoa madaftari yangu chini ya kitanda. Unajua tabia yangu tangu sekondari: kila siku mistari minne, na tarehe juu. Nitakueleza kwa kufuata tarehe, ili usiseme namtetea tu kwa kuwa ni ndugu yangu.

Mtaa tuliopanga Istanbul uko juu ya kilima, nyumba za matofali yasiyopigwa plasta. Nyingi zilikuwa zimeandikwa namba nyekundu ukutani, maana yake zitabomolewa. Wanaoishi humo ni Waturuki maskini na Wakurdi waliokimbia vita mashariki ya nchi yao, kama sisi tulivyokimbia mashariki ya nchi yetu. Tulipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kushona mashati, chini ya ardhi, hakina dirisha hata moja. Mimi nilikata nyuzi, Joze alibeba majora ya vitambaa.

Hapo ndipo tulipowakuta hao unaowaita wahuni. Emre alikuwa mpiga pasi, kijana mrefu mwenye alama za kuungua mikononi. Zeliha alikuwa msichana wa vifungo, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Walikuwa na wenzao watano sita, wote wa kiwanda kile. Walijiita Watu wa Chini, na walikuwa wakirap. Mapumziko ya chakula yalikuwa nusu saa. Dakika kumi walikula, ishirini waliingia stoo ya vitambaa na kufunga mlango. Humo majora yamepangwa mpaka darini, sauti haitoki nje wala hairudi, kwa hiyo ndiyo ilikuwa studio yao. Simu ya Emre ilitundikwa kwenye hanga ikarekodi. Walisema juu ya namba nyekundu, juu ya mwenye kiwanda aliyezima kipasha joto ili sisi tushone haraka, juu ya shule walizoacha. Bangi sikuona. Emre anavuta sigara, sikufichi. Kilichobaki ni chai, chai, na chai tena.

Tarehe 9 Machi 2015, siku yetu ya tano kazini, walimvuta Joze katikati ya duara.

"Haya, mweusi, hii kitu ni ya kwenu. Mwaga!" Emre akamwambia kwa Kituruki, ambacho tulikuwa tumeanza kukishika.

"Mimi natoka Kongo."

"Kongo, Amerika, ni vituo viwili vya basi," Zeliha akasema. "Mwaga, dakika zinaisha!"

Mama, unamjua Joze. Maisha yake yote ameimba sauti ya nne kwenye kwaya, amesimama nyuma ya watu wanene. Alinitazama. Kisha akafunga macho akatoa kitu pekee alichokijua kwa kasi: wito wako wa sokoni. Wito mzima. "Ndagala wakavu, ndagala wabichi, mukeke wa leo si wa jana, shika mkia usishike kichwa, njoo mama wa mapacha nikuongeze, fungu la mtoto, fungu la mkwe." Baada ya mkwe alikwama, akameza maneno mawili matatu kwa kuguna, halafu akamalizia na ile pumzi yako ndefu ya mwisho, akapiga jora la kitambaa kama unavyopiga sinia.

Hawakuelewa hata neno. Emre aliruka mpaka akagonga taa kwa kichwa. "Amesema nini? Abla, amesema nini?" wakaniuliza. Abla ni dada mkubwa kwa lugha yao, kama Joze anavyoniita Yaya, na tangu siku hiyo ndivyo walivyoniita. Nami niliona haya kusema ni samaki. Nikajibu, "Ni mambo ya vita." Wakainamisha vichwa kwa heshima. Joze akaniangalia kwa jicho la kuua.

Wakanipa na kazi. Waliona naandika kila siku, wakasema, Abla ndiye atakayeshika zamu, kwa sababu waligombana kila mara nani aanze. Nikaandika zamu zao kwenye daftari langu, na sheria zao mbili: usirudie mstari wa mwenzako, na mama wa mtu hatajwi. Hii ya pili waliishika kama amri ya kanisa. Katika mashindano ya mitaa mingine watu hutukaniana mama, na visu hutoka. Stooni ungeweza kumwambia mtu ana masikio ya punda, lakini mama yake ulimwacha nyumbani kwake.

Sasa ninakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumapili, tarehe 22 Mei ya mwaka uliofuata, saa nane mchana, walikwenda kuichora nyumba ya bibi yake Zeliha, ambayo ilikuwa ibomolewe wiki hiyo. Juu ya namba nyekundu walichora dirisha kubwa la bluu, na ndani yake bibi amekaa anamenya vitunguu. Bibi mwenyewe alikuwa uani, anawapigia kelele kwamba pua si yake. Polisi walikuja. Wakatazama mikono, na kila mwenye rangi mikononi wakaandika jina lake. Joze alikuwa na bluu mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa nimeshika makoti, mikono yangu safi. Walilazimishwa kuusugua ukuta mpaka jioni, halafu wakaachwa waende zao. Hakuna aliyefungwa wala aliyepigwa. Niliyaandika yote, na siku hiyo mistari minne haikutosha.

Wiki tatu baadaye tuliitwa kwa mahojiano ya safari ya Amerika. Kila mkimbizi alituambia jambo moja: tarehe zako zilingane, ukikosea tarehe umekwisha. Kwa hiyo mimi, mwanao mwenye utaratibu, nilibeba madaftari. Afisa aliuliza, mlihamia lini mtaa huu, nikafungua ukurasa. Mliacha lini kazi ya kwanza, nikafungua ukurasa. Alifurahi. Akaniambia sijaona mtu mwenye kumbukumbu kama wewe, nami nilivimba kichwa, Mama, kama siku ile ya cheti cha shule. Halafu akasema, nisomee mwezi wa tano.

Ningeweza kuruka. Mkalimani alikuwa upande wa pili wa meza, asingeona. Nilisoma. Nilisoma polisi, nilisoma majina kuandikwa, nilisoma hata kwamba rangi ilikuwa ya bluu. Joze alikuwa pembeni yangu na hakunigusa mguu kunizuia.

Faili langu lilipita, maana jina langu polisi hawakuliandika. Lake liliwekwa kando kwa maswali zaidi. Walisema labda miezi mitatu, nikapanda ndege. Halafu huku sheria zikabadilika, na mafaili yaliyokuwa kando yamebaki kando.

Hilo ndilo sijawahi kukuambia. Nilikuacha uamini ni muziki, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu wewe ukasirike na watu usiowajua. Aliyemfungia Joze mlango ni mimi na daftari langu.

Sasa tumefungwa wote wawili. Yeye hawezi kutoka katika mji wao bila kibali, na kibali hawampi. Mtaa umebomolewa nusu, anaishi kwa Emre, analala ukumbini. Mimi sina pasipoti, nikitoka sijui kama nitaruhusiwa kurudi. Nafanya kazi ya kufua na kukunja mashuka ya hospitali huko Maplewood, chumba cha chini, hakina dirisha. Nimevuka bahari nikaingia chumba kilekile. Emre aliniomba nikifika Amerika nimpigie picha ya ukuta uliochorwa. Nilimpigia mmoja karibu na duka la Wahmong, wakimbizi kutoka Asia, hapa mtaani Frogtown, theluji imeufunika mpaka kiunoni. Akaandika, "Abla, hata huko wameuzika?"

Mwezi uliopita wakili anayefuatilia faili la Joze alinipa karatasi ya kumtumia Joze aisaini. Inasema alidanganywa na vijana wabaya, ameachana nao, na hawajui tena. Wanjiru, nesi wa Kenya anayenibeba kwenye gari lake kwenda kazini, aliisoma tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu.

"Sasa shida iko wapi?" akasema. "Asaini tu, maisha iendelee! Si atawaomba msamaha baadaye?"

"Hataki."

"Hataki? Wewe mwambie hii ni paper tu. Ni paper, Riziki! Mimi nikiambiwa nisaini ati simjui bwana yangu ndio nipate green card, ningesaini mara mbili."

Binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza, alikuwa nyuma anasikiliza kwenye simu yangu wimbo wa Joze, ule uliotokana na wito wako. Ghafla akacheka, na safari hii akasema kwa Kiswahili: "Mum, huyu anauza samaki!" Mtu wa kwanza kuelewa, Mama, kati ya wote waliosikia.

Joze nilimpigia nikamsihi. Alinijibu taratibu: "Yaya, nilipougua mapafu Emre alinipa godoro lake akalala kwenye maboksi. Nitasaini vipi kwamba simjui?" Nikamwambia basi utaozea huko. Akasema, "Nikija huko kwa karatasi hiyo, nani atakuwa amefika?" Nilikata simu. Tarehe hiyo sikuandika chochote.

Karatasi ile haikusainiwa. Badala yake nimeandika maelezo yangu mwenyewe, kurasa nne: stoo, zamu, bibi na vitunguu vyake, na kwamba nami nilikuwepo nimeshika makoti. Wakili alitikisa kichwa. Alisema hayatasaidia sana, na yanaweza kuligusa hata faili langu. Nimeyapeleka posta Alhamisi. Ukweli ule uliotufunga ndio huohuo niliotuma tena, maana sina mwingine. Ikiwa nimekosea, unikasirikie mimi. Simu yangu pia ipo, unaweza kuacha kuipokea.

Lakini ya Joze ipokee. Mwezi uliopita, Emre ameniandikia, Joze alisimama stooni akaomba ruhusa kumtaja mama.

"Mama wa nani?" Zeliha akauliza, ameshashika mkasi.

"Wangu."

"Utamtukana mama yako mwenyewe? Una wazimu?"

Ndipo akawaambia ile ya siku ya kwanza haikuwa vita. Ni mama yake, yuko Uvira, anauza ndagala. Zeliha akaushusha mkasi. Kisha Emre akasema, "Miaka mitatu tunalia machozi kwa ajili ya samaki?" Wakacheka mpaka mwenye kiwanda akagonga mlango. Halafu Zeliha akauliza fungu ni bei gani. Wakapiga kura, wakakubali. Wewe ndiye mama wa kwanza kutajwa mle.

Nisalimie Aline, mwambie nangoja kusikia amefaulu mtihani. Nisalimie mjomba fundi wa baiskeli, na shangazi mkubwa ambaye najua amekwisha kuuliza kama nimeolewa. Mwambie bado, na kwa baridi hii hakuna anayemwona mwenzake uso. Nisalimie mwalimu wa kwaya, mwambie sauti ya nne haikupotea.

Jambo la mwisho. Wimbo haujakamilika. Baada ya fungu la mkwe kuna maneno yako ambayo Joze hayakumbuki, na siku zote huyaguna tu. Ameniuliza mimi. Nimefungua madaftari yote, ya Uvira, ya Istanbul na ya hapa, na mimi niliyeandika mpaka rangi ya ukuta sikuyaandika popote. Wenzake wanayangoja. Atapiga Jumapili baada ya ibada, saa nane za kwenu. Huna haja ya kumsamehe wala kuzungumza mengi. Pokea, umwambie unasemaje baada ya mkwe.

Ni mimi, mwanao niliyeshika makoti,
Riziki