Fomu Niliyoijaza Jikoni

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi wewe, wifi na watoto. Natumaini mu wazima. Mimi sijambo, ila mafua yamenishika hata napiga chafya mbele ya wagonjwa, na daktari wetu mkuu ananitania kwamba karibu nitabadilishana viti na wagonjwa.

Barua yako nimeipata. Unasema tajiri wa karakana anataka uwe msimamizi wa wachomeleaji wote, na Ijumaa utamkatalia kwa sababu kichwa chako "kina cheti cha hospitali". Nimeisoma mara tatu na mara zote nimekasirika. Mtu anayelipima geti kwa jicho tu na likaingia bila nyundo, ana kichwa gani kibovu? Lakini nisikugombeze, kuna jambo nataka kukueleza.

Unajua kazi yangu hapa kliniki ni kupima akili, na naiweza, sioni haya kusema. Mwezi jana tuliletewa binti wa miaka minane. Mwalimu wake alikuwa amejaza fomu ya maswali arobaini, na yote kayawekea vema chini ya neno "daima". Nilishashika kalamu niandike jina la ugonjwa. Daktari mkuu akanizuia, akanionyesha vema zilivyoshuka zimenyooka kama uzi wa timazi. Swali la tano lilisema hatulii, la thelathini likasema hukaa kimya, na yote mawili ni "daima"! Akasema mtoto hapimwi kwa mdomo wa mtu mmoja. Niende kwa mama, niende darasani, kisha nikae na binti mwenyewe.

Nikaenda. Mwalimu akakiri kwa aibu kwamba aliijaza siku binti alipomwagia chai daftari la mahudhurio. Na binti hana ugonjwa wowote, ila haoni ubao. Sasa anavaa miwani na anawasumbua wenzake kwa maswali.

Kila mtu alinipongeza, lakini mimi roho iliniuma, maana vema za namna ile niliwahi kuziweka. Acha nilitumbue jipu.

Ulikuwa na miaka saba, mimi kumi na minne. Shule yako ilileta fomu nyumbani. Mama hakujua kusoma, akaniambia nijaze mimi, msomi wake. Jana yake ulikuwa umeifungua redio yangu hadi skrubu ya mwisho. Nilikaa kwenye meza ya jikoni nikashusha vema chini ya "daima", juu hadi chini, bila kusoma swali hata moja. Kwa fomu ile, bila mtu kukaa nawe hata nusu saa, watu wa hospitali wakaandika kwenye cheti una uelewa mzito, na shule ikakuweka miaka miwili katika darasa la nyuma ya stoo. Na redio uliirudishia mwenyewe siku ile ile niliyojaza fomu, ikaimba.

Nimeona haya miaka yote, nikanyamaza. Naomba radhi, mdogo wangu. Cheti unachokiogopa nilikiandika mimi kwa hasira zangu. Nikasirikie utakavyo, hata mwaka mzima usiniandikie. Ila kwanza mjibu tajiri wako, ndipo unijibu mimi.

Wifi msalimie sana, na watoto wabusu wote kwa niaba yangu.

Akupendaye,
Dada yako