Mtungi wa Seli Uliochukuliwa Mlangoni mwa Wodi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, miaka 41. Kazi: mtafiti wa kinga ya mwili, maabara ya hospitali kuu. Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali. Tarehe ya maelezo: 17 mwezi huu.

Sikuitwa. Nimekuja hapa kituo cha polisi kwa miguu yangu, na nitasema nilichokiona na kukisikia mwenyewe.

Kazi yangu ni kuchukua chembe nyeupe za damu ya mgonjwa wa saratani, zile ziitwazo seli T, ambazo ndizo askari wa mwili. Maabarani tunazifundisha kuitambua saratani, tunazikuza hadi ziwe nyingi, kisha tunamrudishia mwenyewe. Mgonjwa wa safari hii ni mwalimu wa hesabu, mwanamke, mwenye saratani ya damu. Dawa nyingine zote zilikuwa zimegonga mwamba.

Mnamo tarehe 14, saa tatu asubuhi, niliufikisha mtungi wenye seli zake mlangoni mwa wodi. Ndani yake mna baridi kali kuliko barafu. Nilimwachia dereva wetu, nikaingia kunawa na kuvaa gauni. Nilipotoka, nilimkuta ameshika kichwa.

"Kaka wa mgonjwa kauchukua," alisema. "Kaniambia umemtuma wewe."

Mlinzi aliwapigia polisi. Mimi sikungoja. Mwalimu alikuwa ameshapewa dawa za kufagia kinga yake ili kuzipisha seli hizo. Kumwacha hivyo ni kuacha nyumba bila milango. Kuanza upya kusingewezekana, damu yake haikuwa tena na seli za kutosha.

Kaka yake nilimfahamu. Ni fundi makochi, na wauguzi humwita Fundi Sponji tangu alipoketi kwenye viti vya wodini, akaguna, na kesho yake akaleta mito. Karakana yake iko mtaa wa pili. Mimi na dereva tulimkuta amekaa sakafuni, mtungi katikati ya magoti, bisibisi mkononi. Skrubu moja ya kifuniko ilikuwa imeshatoka.

"Fundi, ukifungua hapo zinakufa," nilimwambia.

"Na zikiingia kwake, atakufa yeye. Daktari si alisema mwenyewe homa inayoletwa na seli hizo inaweza kuua? Mama tulimzika akiwa kwenye dawa zenu."

"Inaweza kuua. Sikufichi."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka apate nafasi. Sina nyingine ya kumpa."

Bisibisi haikusogea. Nilikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, nikampigia mgonjwa, nikaweka simu sauti ya juu. Sauti ya mwalimu ilikuwa ndogo, lakini ni ile ya darasani.

"Kaka, hiyo ni damu yangu. Nani kakupa ruhusa?"

"Mdogo wangu, naogopa."

"Na mimi naogopa. Lete."

Fundi alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akairudisha skrubu. Aliukumbatia mtungi njia nzima, akakataa kusaidiwa. Polisi walimkamata getini akiwa bado ameubeba. Kipimajoto kilionyesha baridi haikupungua. Tuliyeyusha seli kidogo, tukazitazama kwa darubini: zilikuwa hai. Saa nane mchana zilianza kuingia mshipani mwa mwalimu.

Juzi homa ilipanda, kupita tulivyotarajia. Hakumtambua mtu. Tulimpa dawa ya kuituliza, na sikutoka pale kitandani. Leo asubuhi imeshuka. Kama saratani imeondoka tutajua kwa kipimo cha mwezi ujao. Siwezi kuapa leo. Alifumbua macho, akauliza, "Kaka yuko wapi?" Nikamwambia anakuja.

Sitaki ashitakiwe. Alichukua kisicho chake, akakirudisha kwa mikono yake. Mwenye seli ni mwalimu, naye halalamiki. Sitaondoka hapa kabla ya kujibiwa.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maoni ya askari: Yameandikwa nami, koplo wa zamu. Shahidi aliketi kwenye benchi la mapokezi hadi mkuu wa kituo alipofika. Mtuhumiwa ameachiwa kwa dhamana. Mdhamini ni dereva wa hospitali, yule yule aliyedanganywa. Nimewaona wakitoka kuelekea hospitali. Mtuhumiwa alikuwa mbele, anakimbia.